Paa kabla ya rangi: barua ya wazi kwa bodi inayosimamia Dakota yetu

Ndugu Mwenyekiti, na waheshimiwa wajumbe wa bodi,

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni fundi cherehani. Nalitanguliza hilo ili asitokee wa kuniuliza baadaye nilisomea wapi uhandisi wa ndege. Sikuusomea popote. Nilifika kwenye hii Dakota, ndege ya vita ya kubebea askari na mizigo iliyosimama nje hapa makumbusho, miaka sita iliyopita kwa sababu mzee mmoja wa kikundi cha Jumamosi, sisi tunaojitolea kuikarabati, alikuwa anatafuta mtu anayejua kushona kwa mkono mshono usioachia. Nilidhani nakwenda kushona viti. Nikapelekwa mkiani.

Nawaandikia kwa sababu ya barua yenu ya mwezi uliopita. Ilisomwa mbele yetu tukiwa tumejibanza chini ya bawa la kushoto, mvua ikinyesha, na msomaji akilazimika kuikinga karatasi kwa kofia yake. Mmetushukuru vizuri. Kisha mkatuagiza tuipake ndege rangi mpya, pamoja na ile mistari myeupe na myeusi ya mwaka 1944, iwe tayari kabla ya tarehe 6 Juni kwa kuwa wageni wamealikwa na picha zitapigwa. Kuhusu paa la kuikinga ndege, ambalo tumeliomba kwa maandishi mara tatu, mmesema litaangaliwa hapo baadaye.

Barua ilipokwisha hakuna aliyesema neno. Halafu wenzangu wakanigeukia mimi. Mafundi wa chuma wakiandika wataonekana wakorofi, walisema. Labda fundi wa nguo atasikilizwa. Basi naandika, na naandika hadharani ili kila aliyewahi kutumbukiza chochote kwenye lile sanduku la michango pale langoni naye asome.

Tunaomba paa kwanza. Rangi ifuate.

Niruhusuni nianze na ninachokijua kwa vidole vyangu. Wageni wengi wakiitazama Dakota huona bati tupu kutoka puani hadi mkiani. Lakini sehemu zinazoiongoza ikiwa hewani, yaani usukani wa wima pale mkiani, elevata za kuinua na kushusha pua, na aileroni za kuilaza upande, zote ni kiunzi chepesi cha aluminiamu kilichovishwa kitambaa cha pamba. Ndege iliyomwaga askari wa miamvuli juu ya Normandy, Ufaransa, mwaka 1944 na iliyopeleka vyakula Berlin mwaka 1948 iliongozwa na nguo. Siku nilipoelezwa hivyo nilicheka, nikidhani wazee wananitania mgeni.

Kuivisha ni hivi. Kitambaa hukatwa na kushonwa kama foronya kubwa, kikavutwa juu ya kiunzi, kikapakwa lakeri ambayo wenyewe wanaiita dopu. Dopu ikikauka hukaza kitambaa hadi ukikipiga kwa kucha kinalia kama ngoma. Hapo ndipo kazi yangu hasa inapoanza. Kwa sindano ndefu ya kutokea upande wa pili, na uzi uliotiwa nta, nafunga kitambaa kwenye kila ubavu wa kiunzi, fundo baada ya fundo kwa vipimo visivyobadilika, kwa sababu ndege ikiwa kasini hewa hukivuta kitambaa kutoka kwenye mbavu kama mtu anayevua gamba. Juu ya mshono hulazwa utepe wenye kingo za meno ya msumeno, dopu tena, msasa mwepesi, dopu tena. Mwishoni hupakwa dopu iliyochanganywa na unga wa aluminiamu. Ile rangi ya fedha, ambayo watoto huniuliza kama ni pambo, ndiyo mwavuli wa kitambaa: bila hiyo jua hula pamba ndani ya muda mfupi.

Usukani wa mkia ulinichukua Jumamosi kumi na tisa. Tulipoufunga mahali pake nilikwenda hadi langoni nikigeuka kila hatua kadhaa kuutazama. Nilijua jua litaushinda siku moja, kwa sababu hata ukiwa na ule unga wa fedha, pamba inayolala nje ina miaka ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ikilala ndani ya banda, hudumu mara kadhaa ya hapo. Mwaka jana, baada ya miaka minne na miezi michache, niliubonyeza kwa kidole gumba kama ninavyofanya kila mwanzo wa msimu. Kidole kikapenya. Nikakichomoa, nikakaa pale juu ya ngazi. Kijana wetu mmoja akaniuliza kutoka chini kama nimeona nyigu. Nikamwambia ndiyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

Sasa nauvisha mara ya pili. Na nikimaliza utarudi kule kule kwenye jua lile lile. Mtu akinishonesha suti, akaipokea, akaitundika kwenye kamba nje miaka minne, kisha akanirudishia vipande akisema nishone nyingine, duka langu lingemfungia mlango. Hapa nimejitolea, kwa hiyo naushona. Lakini nina haki ya kuuliza ni mara ngapi.

Kuna jambo jingine la dopu ambalo nadhani halijawahi kufika mezani kwenu. Haipakwi kwenye hewa yenye unyevu. Vimumunyisho vyake, yaani vimiminika vinavyoifanya iwe majimaji, vikigeuka mvuke upesi hupoza uso wa kitambaa, unyevu wa hewani ukatua hapo na kunaswa ndani ya lakeri, ukaacha ukungu mweupe. Ukungu huo ni udhaifu. Unakwangua na kuanza upya. Ndiyo sababu kila kitambaa mnachokiona kwenye ndege yenu kimepakwa katika gereji ya mwenzetu mmoja, gari lake likilala barabarani kwa wiki nzima, na aileroni ya kulia ikiingia kwa kulazwa mshazari na ncha yake ikitokeza dirishani. Makumbusho haya yana ndege moja kubwa, na karakana yake ni gereji ya mtu.

Nimesema nitazungumzia ninachokijua, lakini nimekaa na mafundi wa bati vya kutosha kuona kwamba shida yao ni mbaya kuliko yangu. Kitambaa changu kikifa hubadilishwa. Bati la ndege likifa, ndege imekufa.

Mzee wetu wa bati alinifundisha kwa kipande cha bati na wembe. Bati la Dakota ni aluminiamu iliyochanganywa na shaba kidogo ili iwe na nguvu, na shaba hiyo hiyo ndiyo inayolifanya liliwe upesi. Kwa hiyo watengenezaji walilivalisha pande zote mbili utando wa aluminiamu safi, ambayo haina nguvu lakini inavumilia hewa. Bati la namna hiyo huitwa Alclad, na kwenye bati jembamba utando huo huwa kama asilimia 5 ya unene kila upande. Ni mwembamba mno. Mkwaruzo wa bisibisi unaupita. Mashine ya kung'arisha ikitumiwa kwa bidii inaumaliza kabisa, na hapa sitamtaja mtu, ila mnakumbuka ile wiki ya kuing'arisha ndege kabla ya sherehe zilizopita, na mnakumbuka ni nani tuliyemsihi aache.

Utando ukishakwisha, kutu ya aluminiamu huingia. Haina wekundu wa kutu ya chuma. Ni unga mweupe kama chaki iliyolowa, na unachukua nafasi kubwa kuliko bati lililoliwa. Ukiwa katikati ya mabati mawili yaliyopigwa ribiti, zile pini za kuunganishia bati, unayasukuma yaachane, hadi bati linavimba kati ya ribiti na ribiti kama godoro lililotobolewa vifungo. Ndege ikiwa imepakwa rangi, kwa nje unaona vijistari vilivyoinuka chini ya rangi, kama njia za mchwa, basi. Na pale bolti ya chuma inapogusa aluminiamu, maji yakiwepo, hugeuka kuwa betri ndogo, na anayelipia umeme huo ni aluminiamu. Kikulacho ki nguoni mwako: mzee alisema hivyo akichungulia kwenye maungio ya bawa, na sisi wengine tuliokuwa pale hatukuona cha kuongeza.

Maungio hayo ndiyo yanayotunyima usingizi. Bawa la Dakota lina vipande vitatu. Kipande cha kati kimeshikana na kiwiliwili na kubeba injini. Vipande viwili vya nje vimefungwa kwake kwa safu ndefu ya bolti inayozunguka bawa zima, juu na chini. Hata zile Dakota zinazoruka leo hukaguliwa hapo kwa makini ya pekee. Yetu tulifungua kifuniko chake upande wa kulia mwezi wa pili, tukakuta majani makavu, kinyesi cha ndege wa angani, maji, na ule unga mweupe. Tulisafisha, tukakausha kwa vitambaa na feni, tukapaka kizuia kutu, tukafunga. Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Tulipofungua tena kulikuwa na maji.

Maji yanaingia kila mahali. Dakota husimama ikiwa imekalia mkia, kwa hiyo tone lolote linaloingia puani hutembea chini ya sakafu hadi nyuma kabisa, kwenye mbavu za mwisho, mahali ambapo mtu mnene hafiki na mwembamba hufika kwa magoti. Kuna vitundu vya kutolea maji, ambavyo huzibwa na matope, manyoya na viota vya nyigu. Mwaka huu tumeshateka ndoo mbili huko. Wala si kwamba ndege imezeeka tu ndiyo maana inavuja: marubani wa zamani wa aina hii walikuwa na utani kwamba ukiruka kwenye mvua unalowa magoti ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Ilizaliwa ikivuja. Tofauti ni kwamba enzi hizo ilikuwa ikitua, ikafunguliwa, ikakaushwa, ikaruka tena.

Turubai tulilijaribu. Lile la plastiki mlilotuletea, kwa nia njema, lilizuia mvua na kufungia mvuke ndani. Mchana likageuka tanuri, usiku likatoa jasho, asubuhi bati lilikuwa linadondosha maji kama limeoshwa. Turubai la kupumua lipo na tunalitumia juu ya chumba cha marubani, kwa sababu vioo vya plastiki hupasuka nyufa ndogondogo kwa jua. Lakini halifuniki ndege yenye mabawa ya karibu mita 29 toka ncha hadi ncha, na kila tunapofanya kazi lazima livuliwe. Saa ya kwanza ya kila Jumamosi tunafunua, saa ya mwisho tunafunika. Bati lililofunguliwa halithubutu kulala wazi, hivyo kazi yoyote isiyoweza kumalizika ndani ya siku moja haianzwi. Fikirini hilo kidogo. Karibu kila kazi ya maana kwenye ndege hii haiwezi kumalizika ndani ya siku moja.

Sasa nije kwenye rangi.

Kuipaka ndege hii inavyostahili, mafundi wanasema, ni kuvua rangi ya zamani yote, kufuata kutu hadi mwisho wake, kukata na kubandua panapobidi, kupiga ribiti mpya, kusafisha, kupaka rangi ya msingi siku yenye hewa kavu, ndipo rangi ya juu ije. Chini ya rangi yetu ya sasa kuna ile ya msingi ya kijani-manjano ya zama za vita, yenye zinki kromati. Vumbi lake ni sumu. Kromiamu iliyomo husababisha saratani. Kuipiga msasa nje, kwenye upepo, hatua ishirini kutoka kwenye njia ya wageni na watoto wao, ni jambo ambalo hakuna kati yetu atakayelifanya, na ninawaomba msimwombe mtu mwingine alifanye. Ndani ya banda tunaweza kuitenga sehemu, kulowesha, kufyonza vumbi na kulikusanya.

Njia nyingine ni kupaka juu ya kilichopo. Hiyo inawezekana. Mkitaka, kwa roli na watu kumi, itamalizika kwa wikendi mbili na picha zitapendeza. Ni funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe hapiti, anabaki chini ya rangi na maji yake, akila mahali tusipoweza tena kumwona.

Halafu ile mistari. Naipenda. Mitatu myeupe, miwili myeusi, ikizunguka mabawa na kiwiliwili, ili wapiganaji wa upande mmoja wasifyatuliane risasi katika ile asubuhi ya tarehe 6 Juni 1944. Lakini mnajua ilivyopakwa? Amri ilitolewa dakika za mwisho kwa ajili ya siri, na watu wa viwanjani wakaipaka usiku na mchana kwa brashi na hata mafagio, mingi ikiwa imepinda. Haikuwa na haja ya kudumu, kwa sababu ndege zenyewe hakuna aliyejua kama zingerudi. Ilikuwa rangi ya wiki chache. Ninyi mnataka mtindo ule ule wa haraka kwa ndege ambayo kibao chake pale mbele kinasema itahifadhiwa kwa ajili ya vizazi. Na, kwa kuwa nimeshaanza kusema, kumbukumbu za ndege hii tulizonazo hazionyeshi popote kwamba ilikuwepo siku hiyo. Dakota za kijeshi zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Si kila moja ilikwenda Normandy. Yetu ina historia yake, ya kubeba mizigo na majeruhi, na sioni aibu yake iko wapi.

Najua mtakavyojibu, kwa maana mmeshajibu. Mtasema kule Tucson, Arizona, kuna maelfu ya ndege za kijeshi zinasimama nje miaka nenda rudi. Ni kweli. Zilipelekwa huko kwa makusudi kwa sababu hewa ni kavu na ardhi ni ngumu, na zinazotarajiwa kutumika tena hunyunyiziwa utando mweupe wa kuziba viungo na kuakisi joto la jua. Sisi hatuna hewa ile wala utando ule. Mtasema pia yetu imesimama nje miaka yote na bado ipo. Mgonjwa naye bado yupo hadi siku asipokuwepo.

Angalieni ya wenzetu. Memphis Belle, ile ndege ya Kimarekani ya kudondosha mabomu aina ya B-17 iliyomaliza safari zake 25 za vita Mei 1943, ilinunuliwa na jiji la Memphis kwa dola 350 baada ya vita ili ionyeshwe. Ilisimama nje kwa miongo. Ilivuja, ililiwa, ikaibiwa vipande na watu waliotaka ukumbusho. Mwaka 1987 ikawekwa chini ya paa lisilo na kuta, na njiwa wakahamia. Mwishowe mwaka 2005 ilichukuliwa na makumbusho ya jeshi la anga kule Dayton, Ohio, na haikuonyeshwa tena kwa umma hadi Mei 2018, karibu miaka kumi na mitatu ya kurekebisha kile ambacho miaka ya nje ilikiharibu. Jiji lile liliipenda ndege yake. Kuipenda hakukutosha.

Na ya upande wa pili: B-29 iitwayo Doc, nayo ya kudondosha mabomu, ilitolewa jangwani kule China Lake, California, mwaka 1998, ikiwa imetelekezwa kama shabaha ya mazoezi. Ilipelekwa Wichita, ikaingizwa ndani, na mamia ya watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, wakaifanyia kazi. Iliruka Julai 2016. Nawasikia mkisema wale walikuwa na kiwanda kizima nyuma yao. Sawa. Basi tazameni ile Dornier 17 ya Kijerumani iliyoopolewa baharini, Goodwin Sands kwenye pwani ya Uingereza, Juni 2013, baada ya zaidi ya miaka sabini majini. Ilipofika kwenye makumbusho ya Cosford, Uingereza, haikuwekwa kwenye jumba la kifahari. Ililazwa ndani ya mahandaki ya plastiki kama yale ya kuoteshea mboga, ikawa inanyunyiziwa maji yenye asidi ya limau ili kuitoa chumvi. Vyuma vya duara na nailoni. Huo ndio ukubwa wa ombi letu mkilipunguza hadi mwisho.

Maana hatujawaomba jumba. Tumewaletea michoro mitatu na nina wasiwasi ilisomwa ule wa kwanza tu, wa gharama kubwa. Wa tatu ulichorwa na mwenzetu aliyekuwa dereva wa kreni, na kwa macho yangu ndio bora. Anasema: mabawa ya nje yalibuniwa yafunguke, basi tuyafungue. Maungio tutayaona yote, kwa mara ya kwanza, juu na chini. Mabawa yalale kwenye vitanda vya mbao chini ya kibanda chembamba kirefu, na kilichobaki, yaani kiwiliwili, injini na mkia, kinahitaji paa lenye upana usiofika nusu ya ule wa ndege nzima. Na upepo unakuwa si tishio tena. Hilo la upepo naomba mlishike: ndege inayokalia mkia imeinua pua na mabawa wakati wote, na bawa halijui kama liko kwenye maonyesho. Ikija dhoruba litafanya kazi lililoumbiwa. Tumeifunga kwa minyororo ardhini, tumezifunga sehemu za usukani zisipigwepigwe, lakini usiku wa upepo mkali kuna mtu wetu ambaye hutoka kitandani na kuja kuzikagua kwa tochi. Hajawahi kuwaambia. Nawaambia mimi.

Mlitujibu, kwa mdomo, kwamba ndege isiyo na mabawa haivutii wageni. Mimi nakaa nao kila Jumamosi. Wanapita mbele ya pua, wanapiga picha, dakika tatu, wanaondoka. Wanaosimama nusu saa ni wale wanaokuta paneli imefunguliwa na mtu anapiga ribiti, mmoja nje na nyundo ya hewa, mwenzake ndani na kipande cha chuma cha kupokelea, wakiongea kwa kugonga kwa sababu hawasikilizani. Mtoto mmoja aliniomba aguse sindano. Alirudi wiki iliyofuata na bibi yake, na bibi sasa ananisaidia kupaka nta.

Mengine ni madogo na nayataja kwa haraka kwa sababu hayahitaji kikao. Ufunguo wa lango la nyuma uko kwa mtu mmoja, naye Jumamosi hayupo. Bomba la maji lililo karibu limefungwa. Saa na mita za chumba cha marubani zimepakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, ya kung'aa gizani. Haing'ai tena, lakini radiamu yenyewe bado ipo na itakuwepo muda mrefu kuliko sisi wote, kwa hiyo tafadhali mlango ule uwe na kufuli kabla hamjafikiria kuwaruhusu wageni kukaa kwenye kiti cha rubani, kama barua yenu inavyodokeza.

Na kama paa, hata lile la nailoni, haliwezekani kabisa, basi tunaomba mtuambie hivyo kwa maandishi. Hatutawakasirikia kama mnavyodhani. Tutabadilisha kazi: tutaacha kuvisha, tutaacha kufungua viungo, tutatumia Jumamosi zetu kuzibua vitundu, kupaka kizuia kutu na kupiga picha kila ubavu kabla haujaisha, ili angalau kumbukumbu ibaki. Hiyo nayo ni kazi. Lakini msituache tushone kwa matumaini ambayo ninyi wenyewe hamnayo.

Jumamosi ya kwanza baada ya mvua, mjumbe yeyote aje saa mbili asubuhi, avae nguo za kuchafuka. Tutamwazima tochi na kile kioo chenye mpini, na kijana wetu atamwonyesha njia ya kutambaa kupita mlango wa mizigo hadi mbavu za nyuma. Asikae kwenye maji. Upande wa kushoto kuna ubao. Mimi nitakuwa nje nikibandua kitambaa cha elevata ya kushoto, ambacho nacho kimeanza kulegea. Mwenye kijikisu kikali akilete, changu kimekuwa butu.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa nguo za mkia, kwa niaba ya kikundi cha Jumamosi